Trekta la mafao, gari la umeme na matope ya Usangu: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Uyole

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole, Mbeya. Nina ekari 18 za mpunga Igurusi, bondeni Usangu. Kila msimu nakodi trekta: kulima ekari moja shilingi 80,000, kuvuruga (kulainisha tope kabla ya kupanda) 70,000, na bado foleni inanifikisha Januari majirani wakiwa wamekwishapanda. Nimepata mafao yangu. Kuna mtu Mwanjelwa anauza Massey Ferguson 290 kutoka Uingereza kwa milioni 32. Wengine wananiambia nichukue jipya kwa mkopo. Tunahitaji pia gari la nyumbani. Mzee anataka Noah. Kijana wetu aliyeko Dar es Salaam anasema petroli imepitwa na wakati, tuagize Nissan Leaf ya umeme kutoka Japani, na kwamba hata trekta tungesubiri la umeme. Kipi kitadumu?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa foleni ya trekta. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hizo ni fedha za miaka yote uliyosimama darasani, na mafao yakishatumika hayarudi. Msimamo wangu ni huu. Trekta nunua la dizeli lenye injini ya zamani isiyo na kompyuta, ambayo fundi wa Igurusi anaweza kuifungua chini ya mwembe na spea zake akazifuata Mwanjelwa akarudi siku hiyohiyo. Gari, kwa safari zako, nunua la petroli. Leaf si gari baya, ila inamfaa mtu wa mizunguko ya mjini kuliko wewe. Na hiyo MF 290 usiitolee hata shilingi mpaka umefanya vipimo nitakavyokueleza hapa chini.

Kwanza tupige hesabu ya kama unahitaji trekta kabisa. Kwa ekari 18 unalipa milioni 2.7 kwa msimu. Ukiwa na trekta lako, dizeli ya kulima ekari moja ya mbuga ya Usangu ni lita 6 hadi 10. Tuchukue 8, na tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Hapo ni 24,000. Dereva 10,000. Akiba ya matengenezo isipungue 15,000, na hii watu wengi huila, kisha trekta likiharibika wanauza ng'ombe. Jumla 49,000 kwa ekari. Kuvuruga nako hakupungui sana hapo. Kwa hiyo katika shamba lako mwenyewe utaokoa kama milioni moja tu kwa mwaka. Kwa trekta la milioni 32, hiyo ni safari ya miaka 32, na hakuna mfanyabiashara anayeikubali.

Hesabu inageuka pale tu unapolimia na watu wengine. Ukipata ekari 150 za majirani kwa bei hiyohiyo ya 80,000, kila ekari inakuachia kama 31,000, yaani milioni 4.6. Ongeza ile moja unayookoa kwako, unafika milioni 5.6 kwa mwaka. Fedha yako inarudi baada ya karibu miaka sita, ikiwa wateja wanalipa na hakuna kubwa lililoharibika. Ukiona huna moyo wa kusimamia dereva na kudai madeni ya watu, nunua pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono. Mbarali zimejaa, zinavuruga majaruba vizuri, na kwa ekari 18 zako peke yake zitakutoa kwenye foleni ya Januari kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Nasema hivi mapema kwa sababu wauzaji wa trekta hawatakwambia.

Tuseme umeamua kulimia watu. Basi trekta lako litafanya kazi kama masaa 330 kwa mwaka: kulima, kuvuruga, na kuvuta tela wakati wa mavuno. Wahandisi wa kilimo wa Marekani katika viwango vyao huhesabu umri wa trekta la magurudumu mawili ya kuvuta kuwa masaa 12,000, na la manne 16,000. Kwa mwendo wako, hata trekta lililobakiza masaa 4,000 tu lina miaka 12 mbele yake. Ndiyo maana siogopi trekta kuukuu. Huku kwetu matrekta mengi hayafi kwa kuisha masaa. Yanakufa kwa vumbi lililopita kwenye filta, maji yaliyoingia kwenye ekseli, dizeli chafu ya dumu, na kusubiri spea ambayo haipo.

Hilo la spea ndilo ninalolipa uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boneti. Massey Ferguson ilinunua kiwanda cha injini cha Perkins mwaka 1959, na injini ya A4.248 iliyomo kwenye MF 290 ni ya silinda nne, haina turbo, haina waya wa kompyuta hata mmoja. Familia hiyo ya trekta haikufa Uingereza ilipoacha kuitengeneza, kwa kuwa Millat ya Lahore, Pakistan, na TAFE ya Chennai, India, waliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huohuo. Ndiyo sababu leo ukienda maduka ya spea Mwanjelwa ukataja laina, ringi, gasketi au klachi ya Massey, muuzaji anakuuliza tu unataka ya Uingereza, ya India au ya Pakistan.

Linganisha na yaliyopita Kibaha. Miaka ya 1980 pale paliunganishwa matrekta ya Valmet kutoka Finland. Baadaye, kwa mkataba wa mwaka 2015, zikaja Ursus za Poland, nazo zikaunganishwa palepale. Ursus hazikuwa trekta za hovyo, lakini kampuni yenyewe ya Poland ilifilisika mwaka 2021. Aliyenunua trekta la kampuni iliyofilisika anaweza kuwa na chuma kizuri kabisa shambani, kikasimama kwa kukosa kipuli kimoja cha pampu. Kwa hiyo kabla hujapenda trekta lolote, la zamani au jipya, nenda kwanza dukani ukaulizie vitu vitano: filta ya dizeli, sahani ya klachi, pampu ya maji, sili ya ekseli ya mbele na nozo. Vikipatikana Mbeya katika maduka mawili tofauti, endelea. Ukiambiwa "tunaagiza Dar," jua kwamba Desemba moja utasimama.

Sasa hiyo 290. Ujue kwanza kwamba zilizotoka Uingereza nyingi ni za mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980. Rangi mpya nyekundu haibadilishi hilo. Mita ya masaa usiisome, kwa sababu ilishabadilishwa au ilishakufa. Soma chuma. Tazama pedali za klachi na breki kama zimelika mpaka zinang'aa. Tazama matundu ya pini kule nyuma unakofungwa mzigo, kama yamekuwa marefu badala ya mviringo. Shika mipira ya zile bawa mbili za kunyanyulia plau uitikise. Trekta lililofanya kazi nyepesi Ulaya halina vidonda hivyo, na lililoteswa haliwezi kuvificha.

Fika asubuhi na mapema, kabla muuzaji hajaliwasha. Weka kiganja kwenye bloku ya injini. Ikiwa ina joto, mwambie kwa upole utarudi kesho, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kuja mara nyingi inaficha ugumu wa kuwaka. Ikiwa baridi, kabla ya kuwasha fungua mfuniko wa rejeta uangalie juu ya maji. Ukiona mafuta yanaelea, kuna gasketi iliyoungua au ufa. Chomoa na kijiti cha oili, uone kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni oili iliyoingiliwa na maji.

Liwashwe. Asubuhi ya Mbeya moshi mweupe wa dakika chache si tatizo. Usipokoma injini ikishapata moto, nozo au kompresheni ina shida. Moshi wa bluu ni injini inayounguza oili. Mweusi mzito likiwa linavuta ni nozo, pampu, au filta ya hewa iliyoziba, na hayo yanatibika. Kisha, injini ikiunguruma, legeza mfuniko wa kujazia oili uuache umekaa juu ya tundu lake bila kuukaza. Ukitikisika kidogo ni sawa. Ukirushwa, na moshi ukawa unatoka kwa mapigo, ringi na laina zimekwisha na hilo ni ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya. Sikwambii uliache kwa sababu hiyo tu. Ovahoo ya Perkins ya silinda nne inafanyika hapa Mbeya na injini inarudi kuwa na nguvu. Nakwambia gharama yake yote itoke kwenye ile milioni 32, si kwenye mfuko wako wa pili.

Kifuatacho ndicho wanunuzi wengi hukiruka: nyuma ya trekta. Omba lifungwe plau, linyanyue mpaka mwisho, lizimwe. Pima kwa rula toka ardhini hadi kwenye diski ya kwanza, kaa dakika 20, pima tena. Kushuka kidogo si ajabu kwa Massey ya umri huo. Plau ikishafika chini kabla hujamaliza mazungumzo, haidroliki imechoka. Mwambie pia fundi wako alegeze kidogo tu nati ya kumwagia oili ya diferensha. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini, kwa hiyo ndiyo yatakayotangulia kutoka. Kwa trekta lililokaa kwenye majaruba, kipimo hiki cha dakika mbili kinasema mengi kuliko maneno ya muuzaji. Mwisho nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki, tikisa kila gurudumu juu na chini. Ikigonga, kingipini na bushi zimelika.

Kuna jambo moja la usalama kwenye 290 ambalo madereva wengi hawakufundishwa. Baadhi zina mfumo wa Multi-Power, kiswichi chenye picha ya kobe na sungura. Ukiwa kwenye kobe, injini haizuii trekta likiteremka. Magurudumu yanakimbia bure. Dereva anayeshuka na tela la magunia kutoka Uyole kuelekea Usangu akiwa kwenye kobe, akidhani gia ndogo itamshikia, anabaki na breki peke yake. Kabla ya mteremko aweke sungura na achague gia ya chini. Mwambie dereva wako hilo siku ya kwanza, na urudie mpaka uone anafanya. Nimeona tela likimsukuma dereva mpaka mtaroni, na alikuwa kijana mwangalifu.

Tairi za nyuma, mara nyingi saizi ya 18.4-30, zikague kwa nyufa za pembeni, si kwa urefu wa meno tu, maana seti mpya inaweza kukumalizia faida ya msimu mzima. Halafu namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma na kulinganishwa na kadi. Zisipofanana, ondoka.

Kuhusu jipya kwa mkopo. MF 375 ya Millat au New Holland TT75 ni matrekta yenye nguvu za farasi 75, ya muundo uleule rahisi, na ningekuwa na fedha taslimu ningechukua mojawapo bila kusita. Tatizo liko kwenye marejesho. Mpunga unavunwa mara moja, na mkopo unadai kila mwezi. Kama taasisi itakubali ulipe mara moja au mbili kwa mwaka baada ya mavuno, na mafao yako yakagharimia angalau nusu ya bei, kaa mezani uzungumze. Kama ni kila mwezi, ukae mbali. Nawajua wakulima waliouza mpunga Juni kwa bei ya hasara ili kuwahi tarehe ya benki, wakati wenzao wenye maghala walingoja bei ya Novemba.

Kama utapata la magurudumu manne ya kuvuta kwa tofauti ndogo ya bei, kwa majaruba lichukue, ila ujue ekseli yake ya mbele ina sili na gia ambazo matope yanazipenda. La mawili ni rahisi kulitunza, na ukilifungia magurudumu ya chuma ya kuvurugia linafanya kazi. Watu wa Ismani kule Iringa, wanaolima mahindi kwenye vumbi, sina sababu ya kuwashauri manne. Kwa Njombe na Makete nina la kuongeza: injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Usangu, iliyo juu kidogo ya mita 1,000, inakunyang'anya kama asilimia 10. Njombe, karibu mita 2,000, ni asilimia 20. Mkulima wa Njombe akiambiwa trekta la farasi 75, apige hesabu ya 60. Na Makete wasiweke maji matupu kwenye rejeta, maana baridi ya Juni na Julai inaweza kuyagandisha na bloku ikapasuka. Watumie kulanti, ile dawa ya rejeta. Hata kwako Igurusi itumie, kwa ajili ya kutu.

Utunzaji wenyewe si mwingi, ila hauna mbadala. Oili ya injini kila masaa 200 hadi 250, na filta yake pamoja. Massey nyingi za zamani zina filta ya hewa ya bakuli la oili. Wakati wa vumbi bakuli hilo lifunguliwe kila siku, na tope likionekana chini oili imwagwe. Kila jioni baada ya kuvuruga, grisi ipigwe kwenye kingipini mpaka grisi ya zamani itoke na matope yake. Dereva atakwambia anafanya kesho. Simama pale. Dizeli ya dumu iache itulie usiku kucha, usimimine ya chini kabisa, na nunua kituo kinachotoa risiti. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji, lakini kinasaba hakizuii maji na mchanga wa dumu lako mwenyewe.

Trekta la umeme lisikucheleweshe, Mwalimu. Yapo kweli: Fendt ya Ujerumani wana e107 Vario yenye betri ya uniti 100, na wenyewe wanasema inafanya kazi masaa 4 hadi 7 kutegemea mzigo. Sasa tazama tangi la lita 60 za dizeli. Kila lita ina nishati ya uniti 10 hivi, na injini inageuza karibu theluthi moja kuwa kazi. Hiyo ni karibu uniti 200 za kazi halisi, zinazojazwa kwa dumu katika dakika tano katikati ya jaruba. Kijana ana haki kwamba mota ya umeme haichoki kwa mwinuko wala haihitaji ovahoo. Ila ukiwa na wiki tatu za kuvuruga ekari 150, mchana na usiku, trekta linalohitaji kulala kwenye chaji halikufai. Liwafae kwanza wenye bustani za maua na mizabibu.

Sasa gari. Hapa namtetea kijana kidogo, kwa sababu wengi huku wanayasema magari ya umeme bila kuyapima.

Ndani ya mota ya umeme kinachozunguka ni rota na beringi zake. Hakuna ringi, hakuna mkanda wa taimingi, hakuna gasketi ya kuungua. Kinachozeeka ni betri. Hali ya hewa ya Mbeya inaisaidia, kwa sababu betri huzeeka upesi kwenye joto, na betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Leaf iliyokaa Uyole ina nafasi ya kudumu kuliko dada yake wa Dar es Salaam. Na gharama ya kuendesha ni ndogo kweli. Chukua uniti 18 kwa kilomita 100, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa uniti, bei ya mtumiaji wa kawaida pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 6,400. Gari la petroli linalokula lita 7 kwa kilomita 100, kwa 3,000 kwa lita, ni 21,000. Mtu anayekwenda kilomita 60 kila siku ya kazi, tuseme siku 300 kwa mwaka, anaokoa kama milioni 2.6 kwa mwaka. (Tena sehemu ya umeme huo inatokana na maji yanayotoka huko kwenu: Usangu yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu, kisha Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115.)

Ila wewe si mtu huyo. Leaf za bei nafuu zinazotoka Japani ni zile za mwanzo zenye betri ya uniti 24. Ile ya kwanza kabisa, ikiwa mpya, ilipimwa Marekani kuwa inakwenda kilomita 117. Ikiwa betri imebaki asilimia 70, zinabaki kama 82. Uyole hadi Igurusi kwenda na kurudi inakaribia kilomita 100, na kurudi ni kupanda. Gari la kilo 1,600 hutumia karibu nusu uniti ya ziada kwa kila mita 100 za kupanda, na toka Usangu mpaka Uyole unapanda mita mia kadhaa. Kushuka mota hurudisha sehemu kwenye betri, lakini si yote. Leaf hiyo itakuacha njiani na mbegu zako. Ya uniti 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ilipimwa kilomita 243 ikiwa mpya. Hiyo inakwenda Igurusi na kurudi. Lakini siku ya harusi Iringa, zaidi ya kilomita 300, usitegemee kuchaji njiani. Na betri yake iko chini ya sakafu, wakati barabara ya kuingia shambani kwako mwezi wa pili unaijua mwenyewe.

Kijana akisisitiza aje nayo kwa matumizi yake ya mjini, afuate haya. Kwenye dashibodi ya Leaf pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Kimoja cha kwanza hupotea betri ikishapungua takriban asilimia 15, kwa hiyo gari lenye vijistari 9 limechoka. Vijistari vinaweza kuchezewa, hivyo aombe picha ya vipimo vya programu ya LeafSpy. Chaja inayokuja na gari la Japani ni ya volti 200, na umeme wetu ni 230, kwa hiyo anunue ya 230. Na asichomeke kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Gari linavuta karibu ampea 15 kwa masaa manane mfululizo, soketi itayeyuka. Fundi umeme amvutie waya wake peke yake toka kwenye mita, wenye breka yake na waya wa ardhi. Udhamini wa kiwanda haulifuati gari hilo huku. Akiwa na uwezo wa kungoja, magari mapya yenye betri ya LFP (ya lithiamu, chuma na fosfeti), kama Blade ya BYD iliyotoka 2020, yanavumilia kuchajiwa mpaka juu mara nyingi zaidi kuliko betri za Leaf za zamani.

Kwa Mzee na Noah yake: sina neno, ila achague injini kabla ya kuchagua gari. Noah za umbo la 2001 hadi 2007, zenye AZR60 kwenye namba ya chesisi, zina injini ya 1AZ-FSE, ile D4 ambayo mafundi wanaikwepa. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa na haisamehe mafuta machafu. Iliyotangulia, ya 3S-FE, ni ngumu lakini sasa ni ya zamani sana na inataka mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Inayofuata, ZRR70, achukue yenye 3ZR-FE ya kawaida.

Mimi, kwa nyumba ya watu wawili wanaobeba mbolea na mbegu, ningechukua Probox ya 1NZ-FE. Injini ya sentimita za ujazo 1,500 yenye cheni badala ya mkanda, inapuliza petroli kwa njia ya kawaida, na ndiyo ileile ya IST za ujazo huohuo, kwa hiyo hakuna mji toka Tunduma hadi Iringa utakaokosa spea. Ipo yenye magurudumu manne ya kuvuta, NCP55. Hiyo itafika jaruba lako mvua ikinyesha. Wewe kwa makisio yangu utatembea kilomita 150 kwa wiki. Leaf ingekuokolea kama milioni 1.1 kwa mwaka, na fedha hiyo haitoshi kufidia hatari ya betri usiyoijua umri wake. Hilux ya dizeli ya 5L au Land Cruiser mkonga yenye 1HZ zitayazika magari hayo yote, lakini bei yake ingekula trekta.

Utaratibu wangu ungekuwa huu: trekta kwanza, kabla ya Septemba, ili ovahoo ikihitajika imalizike kabla ya msimu. Gari lisubiri mpunga wa mwaka ujao. Usinunue vyote viwili mwezi mmoja ukabaki bila fedha ya dizeli ya kuanzia na seti ya filta. Na katika ile milioni 32, anza kuongea kwenye 26, uweke mezani karatasi ya vipimo, mstari kwa mstari. Ukienda kuliangalia, piga picha namba ya injini, ile ya chesisi na mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, uniletee kabla hujalipa.